Kiongozi Anapoitwa "Bata Kiwete"

Jioni moja, tukingoja chakula huku redio ikisoma habari za dunia, mtangazaji alisema kwamba rais mmoja wa ng'ambo sasa amekuwa "bata kiwete". Mwanangu wa darasa la sita, aliyekuwa akimsaidia mama yake kumenya vitunguu, aliinua kichwa na kuuliza:

"Baba, huyo rais ameumia mguu?"

Nilimjibu kwa haraka kwamba hakuumia, ila muda wake wa uongozi unakaribia kwisha. Hakuridhika. "Kama muda haujaisha, bado ni rais. Na kama bado ni rais, kwa nini aitwe kiwete?"

Kwa kweli sikuwa na jibu la maana usiku ule. Nimelitafuta tangu hapo, na nimeona si vibaya kuwashirikisha wasomaji, kwani naamini si nyumbani kwangu tu ambako msemo huu umeingia bila kupiga hodi.

Msemo wenyewe si wetu. Ni wa Waingereza na Wamarekani, nao umetafsiriwa neno kwa neno na wasomaji wa habari. Sisi bata tumemzoea kwa mambo mengine, kama mwendo wake wa madaha. Na vijana wa mjini wanaposema wanakula bata, wana maana ya starehe wala si kitoweo. Hata neno "kiwete" siku hizi tunaona aibu kumwita nalo binadamu, na ni haki kuona aibu. Lakini msemo umekwisha kuzoeleka, na hauna budi kuelezwa kama ulivyo.

Asili yake si Ikulu, bali ni sokoni. Katika karne ya 18, wafanyabiashara wa hisa mjini London walikuwa wakikutana katika vichochoro na migahawa ya kahawa ya mtaa ulioitwa Exchange Alley. Waliwapa wenzao majina ya wanyama. Aliyenunua kwa kutumaini bei itapanda aliitwa fahali. Aliyeuza kwa kutumaini bei itashuka aliitwa dubu. Na yule aliyeshindwa kulipa madeni yake siku ya hesabu aliitwa bata kiwete, kwa kuwa ilisemwa hutoka mtaani akiyumba-yumba kama bata mwenye mguu mbovu. Mwaka 1761 mwandishi Horace Walpole, mtoto wa waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alimwandikia rafiki yake aliyekuwa Italia akimuuliza kama anawajua wanyama hao watatu. Bila shaka lilikuwa neno geni hata kwa watu wa tabaka lake.

Msemo ukavuka bahari. Kumbukumbu za mijadala ya Kongresi ya Marekani za Januari 1863 zinaonyesha ukitumiwa juu ya wanasiasa waliochoka, ambao ilidaiwa wanatafutiwa hifadhi katika Mahakama ya Madai. Kidogo kidogo ukatoka kwa mfanyabiashara aliyefilisika mali, ukamshika kiongozi aliyefilisika muda: yule aliyeshindwa katika uchaguzi, au aliyeamua kutogombea tena, au aliyezuiwa na katiba kugombea, lakini bado amekalia kiti akimngoja mrithi wake.

Nasi sasa turudi kwenye swali la mtoto. Kiongozi wa namna hiyo hajapungukiwa na kitu chochote kisheria. Saini yake ina nguvu ile ile iliyokuwa nayo mwaka wa kwanza. Jeshi ni lake, hazina ni yake, muhuri ni wake. Kilichopungua hakimo katika sheria. Wasomaji wanaofanya kazi maofisini na viwandani wanakijua vizuri. Meneja akishapata barua ya uhamisho, hata kama amebakiza miezi mitatu, mambo hubadilika siku ile ile. Tarishi aliyekuwa akikimbia na faili sasa hutembea. Dereva huanza kusema gari lina hitilafu. Mkuu wa idara aliyekuwa akileta taarifa kila Jumatatu asubuhi huanza kuuliza, kwa upole kabisa, kama si afadhali jambo hili "tumngojee bwana mpya". Hakuna aliyeasi wala aliyekataa amri. Ila kila mtu amekwisha kupiga hesabu kwamba huyu hawezi tena kumpandisha cheo wala kumfukuza kazi. Utii mwingi wa binadamu, tukubali tusikubali, unaegemea matumaini na hofu, na vyote viwili hugeukia kule jua linakochomozea.

Hiyo ndiyo maana ya kuchechemea. Bata ana mbawa, ana mdomo, ana miguu yote miwili; tatizo ni kwamba kundi limekwisha kumfuata mwingine.

Kwa Wamarekani ugonjwa huu ulitokana na kalenda. Serikali yao chini ya katiba mpya ilianza rasmi tarehe 4 Machi 1789, na tangu hapo marais wakawa wanaapishwa tarehe hiyo, ingawa kura zilipigwa Novemba. Katika zama za farasi na barabara za matope haikuwa ajabu. Mwaka huo wa kwanza hata wajumbe wenyewe walichelewa kufika, na George Washington hakuapishwa mpaka tarehe 30 Aprili. Lakini reli ikaja, simu ya upepo ikaja, na bado kalenda ya farasi ikaendelea kutawala. Kongresi ndiyo iliyotia fora. Mjumbe aliyechaguliwa Novemba kwa kawaida hakuanza kikao chake cha kwanza mpaka Desemba ya mwaka uliofuata, yaani miezi 13 baada ya kura. Katikati ya muda huo yule aliyekataliwa na wapiga kura alikuwa bado akikaa Bungeni na kuwatungia sheria wale wale waliomkataa!

Mtu anaweza kusema huo ni ubovu mdogo wa utaratibu. Ulikwisha kuleta msiba mkubwa. Tarehe 6 Novemba 1860 Abraham Lincoln alichaguliwa kuwa rais. Rais aliyekuwa madarakani, James Buchanan, hakugombea, naye alikuwa na miezi minne ya kukaa. Majimbo ya kusini yaliyotaka kuendeleza utumwa hayakungoja. South Carolina ilijitenga tarehe 20 Desemba, na hadi mwanzo wa Februari mengine sita yalikuwa yameifuata. Buchanan aliiambia Kongresi kwamba majimbo hayana haki ya kujitenga, lakini akaongeza kwamba serikali kuu haina uwezo wa kuyazuia kwa nguvu. Lincoln alikuwa na dhamana ya wananchi bila mamlaka, na Buchanan alikuwa na mamlaka bila dhamana. Lincoln alipoapishwa Machi 1861, alikuta nchi imekwisha kupasuka, na mwezi uliofuata vita vikaanza ambavyo viliua zaidi ya watu 600,000. Sisemi kwamba kama angeapishwa Novemba vita visingekuwapo; mzizi wake ulikuwa utumwa, na utumwa haukuwa jambo la kalenda. Lakini nyumba inapowaka moto, ni vibaya mwenye ndoo awe nje ya uzio na aliye ndani awe amefunga virago.

MAJIRA YA BARIDI YA 1933

Kisa kinachowahusu zaidi watu wa mshahara ni kile cha miaka 72 baadaye. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka tangu 1929. Katika uchaguzi wa tarehe 8 Novemba 1932 Rais Herbert Hoover alishindwa vibaya na Franklin Roosevelt. Siku 116 zilibaki kabla ya makabidhiano, na siku hizo zilikuwa za baridi na njaa. Nchini Marekani karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Benki zilikuwa zikianguka moja baada ya nyingine, na hapakuwa na bima ya taifa ya kulinda akiba ya mtu mdogo. Benki ikifa, ada ya shule ya mtoto na fedha za mazishi ya mzee huenda nayo.

Tarehe 14 Februari 1933 gavana wa Michigan, jimbo la viwanda vya magari, aliamuru benki zote za jimbo zifungwe kwa siku nane. Hebu tumfikirie mfanyakazi wa Detroit aliyekwenda asubuhi kuchukua fedha za kodi ya nyumba akakuta mlango una kufuli. Habari zilipoenea, watu wa majimbo mengine nao wakakimbilia benki zao kabla hazijafungwa, na kukimbilia kwao kukazifanya zifungwe. Hoover alimwandikia Roosevelt akimwomba atoe tamko la kuwatuliza wananchi, tamko ambalo lingekubaliana na siasa ya uchumi ya Hoover mwenyewe. Roosevelt hakukubali. Aliona hawezi kubeba lawama za serikali ambayo hajakabidhiwa. Hoover naye aliona hawezi kuchukua hatua kubwa peke yake bila kuungwa mkono na mtu ambaye taifa zima lilikuwa likimngoja. Kila mmoja alikuwa na hoja. Waliolipa gharama ya hoja hizo walikuwa kwenye foleni, nje, katika baridi.

Siku ya makabidhiano, tarehe 4 Machi, benki katika majimbo mengi zilikuwa ama zimefungwa ama zimewekewa masharti. Roosevelt aliapa, na kuanzia tarehe 6 alizifunga benki zote za nchi. Tarehe 9 Kongresi ikapitisha sheria ya dharura. Tarehe 12 alizungumza na wananchi kwa redio, akawaeleza kwa lugha nyepesi benki hufanyaje kazi. Na kuanzia tarehe 13 zile zilizokaguliwa zikaanza kufunguliwa. Watu wakarudisha fedha zao. Yaliyoshindikana kwa siku 116 yakawa yameanza kutengemaa kwa muda wa siku tisa.

Hapa nilimsimulia mwanangu jambo moja ambalo lilimnyamazisha kidogo. Roosevelt alikuwa ameugua ugonjwa wa kupooza mwaka 1921 na hakuweza kutembea bila kusaidiwa. Siku ile alifika jukwaani akiwa amefungwa vyuma miguuni na kuushika mkono wa mwanawe. Hoover alikuwa mzima wa viungo vyote. Aliyetembea vizuri ndiye aliyekuwa kiwete, na asiyeweza kutembea ndiye aliyengojewa aje kuikimbiza nchi.

Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana, lakini ilichelewa. Seneta George Norris wa Nebraska alikuwa amepigania kwa miaka kumi kuifupisha kalenda hiyo, na mara kadhaa Seneti ilikubali huku Baraza la Wawakilishi likikwamisha. Marekebisho ya 20 ya katiba, yaliyozoeleka kuitwa marekebisho ya bata kiwete, yaliidhinishwa tarehe 23 Januari 1933, katikati ya balaa lenyewe, ila yalitakiwa kuanza kutumika Oktoba. Tangu hapo rais huapishwa tarehe 20 Januari na Kongresi mpya huanza tarehe 3 Januari. Roosevelt mwenyewe ndiye wa kwanza kuapishwa Januari, mwaka 1937.

Kisha Wamarekani wakaongeza bata wa aina mpya. Baada ya Roosevelt kuchaguliwa mara nne, waliidhinisha mwaka 1951 marekebisho ya 22, yanayokataza mtu kuchaguliwa kuwa rais zaidi ya mara mbili. Ni sheria nzuri, nasi tunayo inayofanana nayo. Lakini matokeo yake ni kwamba rais akishaapa mara ya pili, kila mtu anaijua tarehe yake ya kuondoka, na wajanja huanza kuhesabu.

BATA ANAYEDONOA

Mpaka hapa msomaji anaweza kumhurumia bata huyu. Nami naomba asimhurumie kupita kiasi. Kiongozi asiyetegemea tena kura hana wa kumwogopa, na mfa maji haachi kutapatapa. Mwaka 1801 Rais John Adams, akiwa amekwisha kushindwa na Thomas Jefferson, aliteua majaji wapya chungu nzima katika wiki zake za mwisho ili chama chake kibaki mahakamani ingawa kimetolewa Ikulu. Saini ziliwekwa mpaka usiku wa mwisho, na majaji hao wakaitwa "majaji wa usiku wa manane". Alfajiri Adams aliondoka mjini bila kungoja kumwona Jefferson akiapa. Barua moja ya uteuzi haikuwahi kufikishwa; mwenyewe, William Marbury, akaenda mahakamani, na hukumu ya kesi yake ya mwaka 1803 ndiyo iliyothibitisha kwamba mahakama za Marekani zinaweza kuibatilisha sheria inayokwenda kinyume cha katiba. Jambo kubwa kama hilo lilitokana na haraka ya mtu aliyekuwa akifunga masanduku.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliliona hilo karibu. George Bush, yule wa kwanza, alishindwa na Bill Clinton tarehe 3 Novemba 1992. Mwezi mmoja baadaye, akiwa amebakiza wiki chache tu, alitangaza kupeleka majeshi Somalia kulinda chakula cha wenye njaa, na tarehe 9 Desemba askari wake walishuka Mogadishu. Wengi walilishwa na kupona, na hilo hatuwezi kulikana. Lakini aliyeanzisha hakuwapo kumaliza. Oktoba 1993 askari 18 wa Marekani waliuawa katika mapigano ya Mogadishu pamoja na Wasomali mamia, na Clinton ndiye aliyejibu maswali na kuwarudisha askari nyumbani Machi 1994.

Yupo pia bata aliyefanya kazi mpaka dakika ya mwisho, na sifa ikaenda kwa mwingine. Jimmy Carter alishindwa Novemba 1980 huku Wamarekani 52 wakiwa bado wameshikwa mateka Iran. Siku zake za mwisho alikesha ofisini akifuatilia mashauriano yaliyosimamiwa na Algeria. Mateka waliachiliwa tarehe 20 Januari 1981, baada ya siku 444, na ndege yao iliondoka Tehran dakika chache tu baada ya Ronald Reagan kuapa. Reagan, kwa uungwana, alimtuma Carter kwenda Ujerumani kuwapokea.

Waingereza, walioubuni msemo, bata huyu wa siasa hawamwoni sana. Kwao waziri mkuu akishindwa huondoka mara moja. Julai 1945 Churchill alikuwa katikati ya mkutano wa Potsdam pamoja na Stalin na Truman. Alirudi London kusikia matokeo, akakuta ameshindwa, akajiuzulu siku hiyo hiyo, na aliyerudi Potsdam ni Attlee. Katika miaka ya 1970 bata viwete wa Uingereza walikuwa viwanda vinavyopata hasara na kuomba ruzuku ya serikali.

Na sisi je? Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inaagiza Rais mteule ashike madaraka mapema iwezekanavyo baada ya kutangazwa, na kwa vyovyote kabla ya siku saba kupita. Bata hapati nafasi ya kuchechemea mbali. Hata neno letu la kuondoka madarakani ni tofauti. Mwalimu Nyerere alipokabidhi urais kwa Mzee Ali Hassan Mwinyi tarehe 5 Novemba 1985, neno la Kizanaki "kung'atuka" lilikuwa limekwisha kuingia katika Kiswahili, nalo lina picha ya mtu anayeinuka mwenyewe kwa hiari. Tena Mwalimu hakuwa bata kiwete kwa maana ya Kimarekani, maana alibaki Mwenyekiti wa Chama hadi 1990, na katika siasa ya siku zile aliyejua kiti cha Chama kina uzito gani hakuthubutu kumchelewesha.

Majirani zetu wa Kenya wamelitazama jambo hili kwa jicho lingine, na kwa sababu chungu. Tarehe 30 Desemba 2007 Rais Kibaki aliapishwa jioni ile ile matokeo yalipotangazwa, huku wapinzani wakiyakataa, na katika ghasia zilizofuata zaidi ya watu 1,000 walipoteza maisha. Kumbe haraka nayo inaweza kuua. Katiba yao ya mwaka 2010 ikaacha nafasi ya kwenda mahakamani kabla ya kiapo. Lakini kwa kuwa nafasi hiyo humwacha rais wa zamani kitini, kifungu cha 134 kikamfunga mikono. Tangu kura ya kwanza inapopigwa mpaka mpya aapishwe, hawezi kuteua majaji, mawaziri wala mabalozi, hawezi kusamehe wafungwa, hata nishani hawezi kutoa. Ukimsoma Adams na majaji wake wa usiku wa manane, kisha ukasoma kifungu hicho, utadhani kiliandikwa kwa ajili yake.

Hayo yote nilimweleza mwanangu kwa siku kadhaa, kipande kwa kipande. Aliposikia mpaka mwisho aliuliza swali ambalo sikulitegemea: "Bata huyo hapo baadaye hupona?"

Nikamwambia wapo waliopona. John Quincy Adams, mtoto wa yule Adams wa majaji, alishindwa urais mwaka 1828, akarudi kama mbunge wa kawaida mwaka 1831, na akaendelea kupinga utumwa mle ndani kwa miaka 17 hadi alipoangukia Bungeni na kufa mwaka 1848. Grover Cleveland alishindwa mwaka 1888 akarudi Ikulu mwaka 1893. Donald Trump alishindwa mwaka 2020, akachaguliwa tena mwaka 2024 na kuapishwa tarehe 20 Januari 2025.

Alihesabu kwa vidole. "Lakini ulisema sheria yao hairuhusu mtu kuchaguliwa zaidi ya mara mbili."

Ndiyo, nikasema, hairuhusu.

"Basi huyo wa mwisho alirudi akiwa anachechemea tayari," akasema, akaenda kuosha mikono.